Kona Iliyowashangaza Abiria wa Baba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kunigombeza kwa kuchelewa kuandika. Wewe hujambo, shemeji hajambo, na wale watundu wawili hawajambo? Na goti la shemeji, lile linalotabiri mvua, bado liko kazini? Sisi huku tu wazima. Mimi nimekonda kidogo kwa sababu ya mapishi yangu, na baba amenenepa kwa sababu ya mapishi hayohayo, jambo ambalo nimeshindwa kulielewa.

Najua hukunituma kutalii. Uliniagiza nikae naye karibu, nimchunguze, nikuletee jibu moja tu: kama mzee anaweza kuendelea kuishi peke yake katika nyumba yake, au kile chumba ulichokwisha kukipaka rangi hapo kwako kimepata mwenyewe. Ulinitajia mkono wa shati ulioungulia jikoni, na ile chai aliyoimimina pembeni ya kikombe huku akiendelea kukusimulia habari kama vile hakuna kilichomwagika. Ukasema, wewe Mdakuzi umezaliwa na kazi hii, basi kwa mara moja ifanye kwa faida ya watu. Nimeifanya. Jibu utalipata, ila utalipata kwa mpangilio wangu, maana mpangilio wako wa kiuuguzi huanza na ugonjwa, na mtu huja baadaye akipatikana.

Unalikumbuka sharti lake. Hospitali ya macho haendi, kwako haendi, lakini kama kuna mtu atamwendesha katika barabara ya pwani, ile aliyoendesha basi lake mpaka akastaafu, na wakalala humohumo garini wakienda wapendavyo, basi akirudi atalifikiria. Mimi na wewe tulidhani ni ujanja wa kupoteza muda. Nikakodi gari-nyumba kwa yule fundi magari aliyepakana na kibanda changu cha kuchora mabango, tukaondoka.

Gari lenyewe, dada, ukiliona kwa nje utadhani ni gari la mikate lililoshiba. Ndani ni nyumba nzima iliyofinywa na mtu mwenye hasira. Meza ndiyo kitanda, na kukigeuza kitanda kuwa meza kunataka watu wawili na ugomvi mdogo. Sinki ni la kunawia kidole kimoja kimoja. Choo ni kabati: unaamua ungali nje utakaa ukielekea wapi, maana ukishaingia hakuna nafasi ya kubadili mawazo. Siku ya kwanza sikufunga vizuri milango ya kabati za vyombo, na kwenye mteremko wa kwanza sufuria zote zilihamia mbele kuja kutusalimia. Mzee alisema basi lake lilibeba walevi, mbuzi na maharusi, na wote walikuwa na adabu kuliko vyombo vyangu.

Kukaa kiti cha abiria hajui. Anakaa wima, mikono mapajani, na mguu wake wa kulia unafunga breki kwenye zulia. Naona sasa zulia la upande wake limeanza kuchakaa. Bahari ilikuwa upande wake, chini kabisa ya miamba, inabadilika rangi kila tunapopinda. Mimi ninayekula kwa rangi nilikuwa naiibia jicho kila nikipata nafasi, na nilikwisha kukata tamaa ya kuipata ile bluu kwenye kopo lolote. Yeye hata shingo hakuigeuza. Nikamuuliza kama haipendi. Akanijibu kwamba bahari haijawahi kugongana na mtu, kinachogongana na watu ni kilicho mbele.

Na vya mbele alikuwa akivitaja vyote, hapo ndipo udaku wangu ulipoamka. Kona ya kulia, ananiambia, shusha gia. Sasa kuna ukuta wa mawe, halafu nyumba nyeupe, halafu kuna mtu huwa anatokeza na baiskeli bila kuangalia. Na kweli, kona inakuja, ukuta unakuja, nyumba inakuja. Nikakutungia barua nzima kichwani: dada, mzee ana macho ya mwewe, kile chumba kiwekee cherehani. Kisha nikaanza kugundua kwamba anavitaja kabla havijaonekana. Nyumba nyeupe aliiona tukiwa bado nyuma ya mlima.

Nikaanza kumtega. Nilimwuliza bango kubwa pale mbele limeandikwaje, kwa kuwa mimi, nikamwambia, jua linanipiga machoni. Akasema siku hizi wanaandika upuuzi, na yeye upuuzi hausomi. Bango lilikuwa la sabuni. Tulipofika kwenye mji mdogo wa kwanza akanionyesha kwa kidole kibanda cha fundi viatu, akasema angalia, bado ana lile paa lake la bluu. Niliangalia. Palikuwa na duka la simu, jekundu kutoka juu mpaka chini, na maandishi yake yamepangwa vibaya mpaka nikaumia. Nilimjibu kwamba ndiyo, baba, bado analo. Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Nadhani nilitaka kuona atakwenda nalo mpaka wapi.

Alikwenda nalo mpaka kwenye daraja. Tulikuwa tunashuka kuelekea mdomo wa mto mmoja, akanitahadharisha kwa sauti ya kazini kwamba sasa kuna kona kali ya kushoto, halafu daraja jembamba, magari yanapita moja moja, nipige honi. Kisha akaegemea, dada. Aliegemeza mwili mzima upande, kama dereva anavyoegemea anapolibeba basi kwenye kona, na bega lake likabaki hewani peke yake. Gari halikupinda. Tulikuwa juu ya daraja jipya, pana, lililonyooka kama rula, na lile la zamani lilikuwa huko chini limeota majani.

Baba alisikiliza magurudumu kidogo, akajirudisha wima taratibu.

"Wamelibadilisha," alisema.

Nikamwambia ndiyo, wamejenga jipya.

"Hawakuniambia."

Mbele kidogo akaniomba niegeshe. Nikachemsha chai, na safari hii nikamwekea kikombe mkononi badala ya mezani. Akakishika, akacheka peke yake, akaniuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia tangu paa la bluu. Akasema yeye anajua tangu mwaka juzi. Katikati pana ukungu, kila anachokiangalia ndicho kinachofutika. Pembeni bado kuna nuru kidogo, kwa hiyo akitaka kumwona mtu inabidi amwangalie sikio. Ndiyo maana siku zile ulimwona ana dharau, hakuangalii unapozungumza naye. Alikuwa anajaribu kukuona.

Basi nikamwuliza, kama ni hivyo, kwa nini tumekuja huku kuangalia bahari. Akasema hakuja kuangalia bahari. Alikuja kuulizia jambo.

Sasa tulia nikusimulie. Mbele zaidi ya hapo, barabara inapanda mlima mrefu, halafu inateremka kuelekea mji wa bandari, na katikati ya mteremko kuna kona moja. Ni mbaya kuliko zote. Kila aliposhuka na basi pale, abiria wote kwa pamoja walikuwa wakivuta pumzi, aaah, kwa sauti moja kama watu waliofanya mazoezi. Kisha, wakishavuka, basi linachangamka. Watu waliokaa tangu asubuhi wamenuna wanaanza kuongea, wageni wanapeana karanga, mtu anacheka. Safari zote, miaka yote, masika na kiangazi. Na yeye hakuwahi kujua kuna nini pale, maana ndiyo kona ambayo dereva akigeuza shingo tu, hakuna atakayesimulia.

Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kumwuliza mtu. Akanikumbusha kibao kilichokuwa juu ya kichwa chake, USIZUNGUMZE NA DEREVA. Alikiweka yeye mwenyewe, na aliwafukuza watu wengi kwa kidole hichohicho cha kukionyesha. Utawaambiaje watu wasikusemeshe, halafu ugeuke uwaulize huko nje kuna nini? Mara moja tu alimnong'oneza kondakta wake. Kondakta akamjibu kwamba ni mandhari tu, bosi, wanafurahia mandhari. Tangu siku hiyo akajiwekea kwamba akistaafu atakuja kukaa upande wa dirisha ayaone hayo mandhari. Halafu akastaafu, akaanza kupanga tofali za ule ukuta wa uani, halafu mama akaugua, halafu ukungu ukaingia. Kwa hiyo alihitaji mtu wa kumwangalizia. Wewe, alisema, ungempeleka moja kwa moja hospitali. Mimi ni mdakuzi, nisingekubali kuondoka bila kujua.

Tukaenda. Tulipanda mlima ule gari likikohoa, tukaanza kushuka, naye akanitayarisha gia kwa gia, na nikiri kwamba bila yeye ningekuwa nakuandikia kutoka kwa malaika. Kona ikaja, nikaipinda, tukatokea chini salama, jasho linanitoka. Akaniuliza kwa hamu, kama mtoto aliyengojea mlangoni, kuna nini?

Nikamwambia baba, sijui. Nilikuwa naangalia barabara.

Alicheka mpaka akashika dashibodi. Akasema karibu kazini.

Tukapanda tena, tukashuka tena. Safari hii nikathubutu kuiba jicho, tairi likagusa changarawe, akanipigia kelele ambayo sijaisikia tangu nilipovunja dirisha la jirani. Basi tukaegesha chini, nikapanda kwa miguu mpaka kwenye kona yenyewe, nikasimama pale nikiwa na macho yangu mawili yanayolipwa kwa kuangalia vitu. Kulikuwa na bahari. Mwamba. Ndege mweupe aliyekuwa na shughuli zake. Pazuri, sikatai, lakini kuna sehemu ishirini nzuri kuliko pale, na hakuna aliyezivutia pumzi. Nilirudi nikamweleza vilevile. Nikajua hakuniamini. Akasema labda jambo lenyewe linaonekana ukiwa ndani ya gari tu. Na hapo akanipa wazo: tunamtaka abiria.

Juu ya mlima kuna kituo, benchi moja na kivuli cha bati. Tulimkuta mama mmoja wa makamo, msusi, amepakata mashine ya kukaushia nywele, ile yenye kofia kubwa, ameitoa kwa fundi anairudisha saluni kwake mjini bandarini. Basi lilikwisha kumwacha. Tulipomkaribisha alilikagua gari kwanza, akauliza kama ni gari au ni nyumba, kwa sababu nyumbani kwa wanaume asiowajua haingii. Baba akamwambia ahesabu ni gari mpaka atakapoona choo. Akaketi nyuma kwenye kiti cha dirishani, mashine mapajani, na kabla hatujaondoka alikwisha kumwambia baba kwamba aliyemkata nywele ni adui.

Tukaanza kushuka. Baba alikuwa amegeuza sikio lake nyuma. Mimi macho mbele, gia ya pili, kona inakuja, na pale hasa tulipoanza kupinda nikaisikia.

"Aaah."

Uso wa baba sikuuona, lakini niliona mkono wake umekamata goti. Alingoja mpaka tukanyooka, maana adabu ya kazi haimtoki, kisha akamwuliza, mama, samahani, umeona nini pale?

Msusi akasema hajaona kitu. Amefumba macho.

Baba akadhani hakusikia vizuri. Akauliza tena. Yule mama akaeleza kwa subira, kama anavyomweleza mteja kwamba rangi ile haitamfaa, kwamba pale kila mtu anafumba macho. Ukiwa kiti cha abiria, alisema, barabara huioni kabisa, inapotelea chini ya gari, unaona bahari tupu na gari linakwenda kuingia. Kila mara unaamini leo ndiyo mwisho. Anapita pale tangu anasoma shule. Na enzi hizo ndiyo ilikuwa balaa, maana kulikuwa na dereva mmoja wa basi kubwa ambaye walimwita Bila Breki. Madereva wengine ukifika pale unasikia breki zinalia, moyo unapoa. Yule hapana. Kimya. Linakwenda tu kama linateleza. Mnavuta pumzi, mnafumba, mnafumbua, mko upande wa pili, na mkijikuta bado mko hai mnapendana wote humo ndani. Mumewe wa kwanza, alisema, alimpata mita chache baada ya kona ile. Alikuwa amemshika mkono wa mtu bila kujua ni wa nani.

Mimi niliogopa kugeuka. Unamjua baba na breki zake. Unakumbuka alivyotusimulia mezani, kwamba dereva mzuri hufunga breki mapema, kidogokidogo, kabla ya kona, na gia ikasaidia, ili abiria asiyumbe na mtoto aliyelala asiamke. Ndiyo ilikuwa sifa yake. Hakuna aliyewahi kuisikia breki yake, na kumbe ndiyo maana basi zima lilikuwa linakufa kila siku.

Baba akasema kwa upole kwamba yule dereva alikuwa anafunga breki.

"Hapana, baba," msusi akamjibu. "Sisi tulikuwemo."

"Na mimi nilikuwemo," baba akasema.

Kwenye kioo nilimwona yule mama anaitazama ile mikono ya baba iliyokaa mapajani, kisha kisogo, kisha akaziba mdomo kwa kofia ya mashine yake. Alipopata sauti alitaka kuomba radhi, lakini baba alikuwa ameshaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia, nikapunguza mwendo. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akatoa leso. Kisha akamwuliza tena, kwa makini, ili asiachwe na shaka yoyote: hata mmoja? Hakuna aliyewahi kufumbua macho akaangalia? Msusi akaapa kwa saluni yake kwamba hajapata kumjua.

"Basi," baba alisema, akajiegemeza kitini kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani. "Kumbe sijapitwa na kitu."

Tulimfikisha yule mama mpaka mlangoni pa saluni. Alikataa baba aondoke na kichwa kile, akamkalisha, akamnyoa upya, na sasa anaonekana kama mtu mwenye watoto wanaomjali. Wakati anapanguswa shingo ndipo aliponiambia nikuandikie. Hizi si siri tena, dada. Ameketi mbele yangu hapa mezani ninapoandika, na kila aya ananitaka nimsomee. Macho yanakwenda. Nyumbani peke yake hawezi. Zaidi ya mkono wa shati kuna mengine ambayo hukuyaona na ambayo atakwambia mwenyewe. Hospitali atakwenda, na utakwenda naye wewe. Kile chumba ni chake. Anaomba mambo mawili tu. Asishikwe mkono mbele ya wajukuu kabla hajawaeleza kwa kinywa chake. Na siku ya kwanza umtembeze nyumba yako nzima polepole, kwenda na kurudi, kisha umwachie atembee mwenyewe.

Leo asubuhi, kabla ya kugeuza gari kuja kwenu, alinitaka nipande mlima mara moja tena. Pale kituoni tuliwachukua watu watatu na kuku wao, na yeye akahama kiti cha mbele. Alikwenda nyuma, akabanana nao upande wa dirisha, akawa abiria. Hakunitajia kona hata moja. Nilishuka peke yangu, gia ya pili, breki mapema, kidogokidogo, kama alivyonifundisha, nikihakikisha hakuna anayeisikia. Na tulipoanza kupinda nikawasikia wote nyuma yangu wakivuta pumzi kwa pamoja, na sauti moja kati ya hizo ilikuwa ya baba yetu.

Walipomaliza wakaanza kucheka na kuongea wote kwa wakati mmoja. Aliniambia baadaye kwamba yeye hakufumba. Nilipomwuliza ameona nini akasema niandike barua yangu, nisimsemeshe.

Nisalimie shemeji na goti lake, uwabusu watundu, na uwaambie babu yao anakuja na hadithi ya basi ambayo mama yao hakuijua mpaka leo. Chumba msikipambe sana. Tutafika tutakapofika, kwa sababu mzee amegundua starehe ya kupakia watu njiani na sasa hatupiti benchi lolote bila kusimama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mdakuzi.